Kabla ya moshi, kuna aliyejua

Shule zikifunguliwa, magari yanayotoka Nakuru kuelekea Nyahururu hupita Bahati yamesheheni masanduku ya bati. Kwenye malango ya shule za bweni mizigo hukaguliwa: nguo zinakunjuliwa, godoro linabonyezwabonyezwa. Simu ikipatikana, inachukuliwa. Mwanafunzi anaingia na sabuni, vitabu na kalamu; namba ya kuripoti hatari anaingia nayo kichwani tu.

Kwa miaka mingi sikio la mwalimu bwenini lilikuwa kiranja. Kila mtu alimjua, na kila mtu alijua kitanda chake. Mei 1999, katika shule ya upili ya Nyeri, viranja wanne walifungiwa usiku ndani ya chumba chao, wakamwagiwa petroli na kuchomwa. Wote wanne walikufa. Baada ya hapo, nani angethubutu kuonekana akibisha mlango wa ofisi?

Hata miaka miwili haikuisha. Machi 2001 bweni la shule ya Kyanguli, Machakos, liliteketea na wavulana 67 ndani yake. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, madirisha yamewekwa vyuma. Petroli haijileti bwenini. Kuna anayeinunua, anayeibeba na anayeificha, na ni vigumu kuamini kwamba hakuna jirani wa kitanda anayeona.

Wamarekani walilipata somo hilo kwa bunduki. Uchunguzi wa serikali yao uliotolewa 2002, kuhusu mashambulizi 37 ya shuleni, ulionyesha kuwa katika takriban manane kati ya kila kumi kulikuwa na mtu aliyejua mapema, mara nyingi rafiki au mwanafunzi mwenzake. Colorado, jimbo lililozika waliouawa katika shule ya Columbine mwaka 1999, lilianzisha Safe2Tell mwaka 2004: unapiga, unasema, huulizwi jina.

Kwetu kuna 116, simu ya watoto isiyolipiwa, inayoendeshwa na Childline Kenya pamoja na serikali. Tanzania na Uganda zinatumia namba hiyohiyo. Waganda wameipa jina zuri, Sauti. Makachero wa DCI nao wana laini yao ya bure, Fichua kwa DCI.

Lakini simu imebaki nyumbani. Ndani ya ua wa shule kinachosalia ni sanduku la maoni, lenye kufuli na mwanya wa kutumbukizia karatasi. Anayeogopa huandika kwa herufi kubwa, au kwa mkono wa kushoto, maana mwalimu aliyesahihisha madaftari yake muhula mzima anaujua mwandiko wake. Kisha ataangalia ufunguo uko kwa nani. Ukiwa kwa naibu mkuu, msimamizi wa nidhamu, karatasi inarudi mfukoni. Ukiwa kwa mwalimu wa ushauri nasaha, pengine itaingia.

Vinginevyo habari itangoja likizo fupi ya katikati ya muhula, mtoto arudi Bahati, aikute simu ya mama mezani. Hata ikiwa haina salio, 116 inapigika.