Gari ikikataa kona: kinachotokea kwenye tairi za mbele na dereva afanye nini

Taarifa za ajali za barabarani Shinyanga na Geita zina maneno ambayo msomaji ameshayazoea: mwendokasi, dereva kushindwa kulimudu gari, gari kuacha njia na kupinduka.

Maneno hayo si ya uongo. Ila yanaruka sekunde mbili za katikati, zile ambazo dereva alishakata usukani na gari bado ikawa inaenda mbele. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, sekunde mbili ni zaidi ya mita 30. Kwenye barabara ya vumbi, hizo zinatosha kabisa kuifikisha gari mtaroni.

Hali hiyo mafundi na waalimu wa udereva huiita andastia. Maana yake ni rahisi: gari inageuka kidogo kuliko usukani ulivyogeuzwa. Tairi za mbele zimeangalia kona, lakini pua ya gari inaelekea nje ya kona. Kinyume chake ni ovastia, pale mkia wa gari unapoteleza na kutaka kutangulia, jambo ambalo vijana wengi wanalijua kwa video za kudrift. Andastia haina mbwembwe hizo. Inakuja kimya, na madereva wengi hawaijui kwa jina.

Kuna jambo moja linaloifanya iwe mbaya zaidi hapa kwetu. Tanzania magari yanapita kushoto. Kona ikiwa ya kulia, gari iliyokataa kukata inatokea kushoto, kwenye mtaro au miti. Kona ikiwa ya kushoto, gari hiyohiyo inahamia upande wa kulia, yaani upande wa gari linalokuja. Kwenye barabara ya kutoka Isaka kupita Kahama na Ushirombo kwenda Rusumo, linalokuja mara nyingi ni lori la mizigo ya Rwanda, Burundi au Kongo.

Tairi ina mshiko mmoja tu

Tairi inashika barabara kwa eneo dogo, karibu sawa na kiganja cha mkono. Eneo hilo ndilo linalofunga breki, linalovuta gari na linalogeuza. Kazi zote tatu zinatoka kwenye mshiko mmoja. Dereva akiutumia wote kwenye breki, wa kugeuza haubaki. Akikanyaga mafuta katikati ya kona kwenye gari inayovutwa na tairi za mbele, kama zilivyo IST na Probox nyingi, tairi hizohizo zinaombwa kuvuta na kugeuza kwa pamoja, na kuna kipimo zinafika zinagoma.

Halafu kuna hesabu ya mwendo, ambayo inawadanganya wengi. Mwendo ukipanda kutoka 60 hadi 80, mtu anadhani ameongeza theluthi moja. Nguvu inayohitajika kuipindisha gari kwenye kona ileile inapanda kwa karibu asilimia 78, kwa sababu nguvu hiyo inafuata mraba wa mwendo.

Chukua kona ya wastani yenye nusu kipenyo cha mita 100. Kwa kilomita 60 kwa saa, tairi zinatakiwa kushika kwa nguvu inayokaribia asilimia 28 ya uzito wa gari. Kwa 80 ni asilimia 50. Lami kavu na tairi nzuri zinaweza kutoa kama 80, kwa hiyo dereva anapita na wala hashtuki. Changarawe iliyolegea inaweza kutoa nusu ya hapo au pungufu. Udongo wa mbuga ulioloa unaweza kushuka hadi 20 au chini yake, na hapo hata 50 kwa saa kwenye kona hiyo ni mwisho wa uwezo. Kona ni ileile na gari ni ileile. Kilichobadilika ni ardhi tu.

Ardhi ya Usukumani inabadilika haraka

Wakulima wa Kisukuma wanazijua ardhi zao kwa majina: luseni, udongo wa kichanga wa miinukoni, na mbuga, udongo mweusi wa mabondeni. Dereva angefaidika akiwa na macho hayohayo. Barabara moja ya vijijini inaweza kushuka kutoka kwenye mchanga kwenda kwenye mbuga ndani ya kilomita chache. Mbuga ikikauka ni ngumu na ina nyufa. Ikinyeshewa inakuwa kama sabuni, kisha inajaza nafasi za kashata mpaka tairi mpya inakuwa sawa na kipara.

Barabara za moramu za kuelekea kwenye machimbo madogo, upande wa Nyarugusu na Rwamgasa mkoani Geita au Mwakitolyo mkoani Shinyanga, zina mtego wa aina nyingine. Magari yanayopita yanafagia kokoto kutoka kwenye njia za magurudumu na kuzirundika pembeni na katikati. Kwenye kona, kokoto nyingi zinakaa upande wa nje. Sasa gari ikianza kutoka nje kidogo tu, inaiacha njia iliyofagiliwa na kuingia kwenye kokoto zinazozunguka chini ya tairi kama gololi. Ndiyo maana kosa dogo la mwanzo wa kona linakua lenyewe.

Boza la maji nalo linachangia. Linapomwaga maji kupunguza vumbi, tabaka la juu la moramu linakuwa utelezi kwa muda, huku jua likiwa limewaka na dereva akiamini barabara ni kavu.

Na lami? Shinyanga ni tambarare, na vipande virefu vya barabara ya Tinde kwenda Mwanza vimenyooka. Baada ya dakika 20 za kwenda 100, mwili unazoea, na kilomita 70 zinaonekana kama kutembea kwa miguu. Kona inapokuja, dereva anajiona amepunguza sana kumbe bado. Njia pekee ya kujua ni kutazama spidomita, maana hisia hapo hazina msaada. Mvua za kwanza, maji yanapochanganyika na vumbi na mafuta ya magari, ni wakati mbaya zaidi. Vivyo hivyo kwenye makutano ambako malori yanatoka vumbini yakiacha matope juu ya lami.

Mzigo wa mchomoko

Gari ndogo za abiria, michomoko, zinabeba watu kuliko viti, magunia nyuma na mizigo juu ya keria. Mzigo ukikaa nyuma ya ekseli ya nyuma unafanya kazi kama bembea: mkia unashuka, pua inainuka, na tairi za mbele zinapungukiwa uzito. Usukani unakuwa mwepesi. Wapo madereva wanaoufurahia wepesi huo, wakati ni dalili kwamba tairi za kugeuza hazikanyagi vizuri.

Hila ya mzigo huo iko sehemu mbili. Dereva akikanyaga mafuta kwenye kona, pua inakataa. Akishtuka na kuachia ghafla au kufunga breki, uzito unakimbilia mbele, na mkia wenye magunia unataka kuzunguka. Gari moja inaanza kwa andastia na kumalizia kwa ovastia, ndani ya muda wa kupiga kelele moja. Mzigo wa kwenye keria unaongeza hatari ya kupinduka.

Wakati gari imeshakataa

Dalili zinatangulia. Kwenye lami tairi za mbele zinalia. Kwenye changarawe unasikika mkwaruzo chini ya sakafu upande wa mbele, na usukani unalegea mkononi. Pua haifuati.

Hapo mwili unataka kufanya mambo mawili, kukata usukani zaidi na kukanyaga breki hadi chini. Yote mawili yanaongeza tatizo. Tairi iliyokatwa kupita kiasi haigeuzi tena, inakokotwa ubavu kama jembe. Breki nayo inakula mshiko kidogo uliobaki.

Kinachosaidia ni kuachia mafuta taratibu. Si kwa kunyanyua mguu ghafla. Uzito unarudi mbele na kuzikandamiza tairi. Wakati huohuo usukani unarudishwa kidogo, kiasi cha tairi kuanza kuviringika tena badala ya kukokotwa. Hili ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu linaonekana kama kukubali kwenda mtaroni. Macho yabaki pale gari inapotakiwa kwenda. Anayeukazia macho mti, mikono yake inamfuata. Mshiko ukirudi, dereva atausikia: usukani unakuwa mzito na pua inaanza kuitika. Ndipo anakata tena kwa upole.

Nafasi ikiwa ipo na njia ya mbele ni wazi, kunyoosha usukani, kufunga breki gari ikiwa imenyooka, kisha kugeuza kwa mwendo mdogo ni bora kuliko kupigana na kona. ABS humwezesha dereva kufunga breki bila tairi kujifunga, lakini kwenye changarawe iliyolegea inaweza kurefusha umbali wa kusimama.

Hapa ndipo penye maelezo ya lile neno la kwenye taarifa, kupinduka. Dereva aliyekata usukani hadi mwisho anapoteleza, na tairi ghafla zikapata ardhi ngumu au ukingo wa lami, gari inaruka kuelekea kule tairi zilikokuwa zimeangalia. Noah, iliyo ndefu kwenda juu, haihitaji zaidi ya hapo. Au tairi inajikwaa kwenye mtaro ikienda ubavu na gari inalala.

Kabla ya kona

Ni afadhali zaidi kutofika huko. Breki zimalizike gari ikiwa imenyooka, kabla usukani haujakatwa, na mafuta yarudi pale kona inapoanza kufunguka. Usukani ukatwe mara moja kwa utulivu. Kuutingisha hapa na pale kunavuruga tairi.

Land Cruiser haina msamaha maalumu. Hardtop za zamani, zikiwekwa gia ya kuvuta magurudumu yote manne juu ya lami, zinakuwa nzito kukata kona, kwa sababu ekseli ya mbele na ya nyuma zimefungwa zizunguke pamoja wakati kwenye kona tairi za mbele zinasafiri umbali mrefu zaidi. Gia hiyo inasaidia kutoka kwenye tope. Haiongezi uwezo wa kupita kona kwa mwendo.

Baadhi ya Toyota zina VSC, mfumo unaopunguza nguvu ya injini na kufunga breki ya tairi ya nyuma iliyo upande wa ndani wa kona ili pua irudi. Taa ya gari linaloteleza ikiwa imewaka dashibodi muda wote, mfumo huo huenda haufanyi kazi. Kuziba taa hiyo kwa plasta hakuutengenezi.

Upepo wa tairi ni jambo la bure karibu. Kibandiko cha mlango wa dereva kwenye gari za Japani huandikwa kwa kPa. Ukigawanya kwa 7 unapata PSI kwa makadirio, kwa hiyo 230 ni kama 33. Tairi za mbele zenye upepo pungufu zinaleta andastia hata gari ikiwa tupu. Shokapu zilizokufa na boljointi zilizolegea zinafanya hivyohivyo, kwani tairi inarukaruka badala ya kukaa chini.

Kwa wanaonunua tairi za mtumba, tarakimu nne ubavuni zinataja wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2316 ni wiki ya 23 ya 2016. Mpira uliozeeka unakuwa mgumu na kupoteza mshiko hata kashata zikiwa bado ndefu.

Mwenye hela ya tairi mbili mpya tu, fundi atamfungia mbele. Watengenezaji wa tairi kama Michelin wanashauri zifungwe nyuma, na sababu yao inawashangaza wengi: dereva wa kawaida ana nafasi ya kuirudisha gari iliyokataa kona kwa kupunguza mwendo, ila mkia ukishamtangulia, wachache wanaweza. Hata viwandani magari ya kawaida hutengenezwa yaelekee kwenye andastia kwa makusudi. Ushauri huo una sharti lake, kwamba zile za mbele nazo ziwe bado na kashata juu ya alama ya milimita 1.6. Kama za mbele ni kipara, pesa ya tairi mbili haitoshi.