Aliyechelewa kwa Siku 130

Alfajiri ya Juni 25, 2025 niliamka kabla ya adhana, simu mkononi. Huko New York kulikuwa bado ni usiku wa Juni 24 na kura za mchujo za chama cha Democratic zilikuwa zinahesabiwa. Kijana aliyezaliwa Kampala, Zohran Mamdani, alikuwa anachuana na gavana wa zamani, Andrew Cuomo, kuwania tiketi ya umeya. Jina Mamdani si geni kwetu. Baba yake, Profesa Mahmood Mamdani, aliwahi kufundisha Mlimani miaka ya 1970.

Nikamwandikia binamu yangu anayeishi Queens, ambaye alishapata uraia wa Marekani: umempa nani kura yako? Jibu likarudi fupi: "Sijapiga. Mimi sina chama."

Mwanzoni nilidhani ni uvivu tu wa binamu yangu. Tulipoongea vizuri nikagundua kuwa kisa chake kina historia ndefu kuliko umri wetu sote wawili. Ndiyo maana leo naandika.

Kwanza tuelewane. Kura za mchujo ndizo tunazoziita hapa kwetu kura za maoni: chama kinachuja wagombea wake kabla ya uchaguzi wenyewe. Tofauti ni kwamba Marekani hakuna kadi ya chama wala ada. Unapojiandikisha kupiga kura katika jimbo la New York, fomu ya serikali inakuuliza wewe ni wa chama gani. Unaweka alama, basi, umeshakuwa mwanachama. Ukiacha wazi, unabaki mpiga kura asiye na chama. Novemba utapiga kura kama kawaida, lakini kwenye mchujo mlango umefungwa.

Binamu yangu aliacha wazi. Alitoka nchi ambayo chama ni jambo zito, hakutaka kujifunga. Mwezi Mei, mbio zilipoanza kukaza, akataka kubadilisha. Akaambiwa siku ya mwisho ilikuwa Februari 14. Hesabu mwenyewe: siku 130 kabla ya kura. Siku hiyo Cuomo alikuwa hajatangaza hata kugombea, alitangaza Machi 1. Mamdani naye alikuwa mkiani kwenye kura za maoni ya wananchi. Yaani binamu yangu alitakiwa achague mlango kabla hajajua nani yumo ndani ya nyumba.

Na hapa ndipo palipomuuma zaidi. Mtu ambaye hajawahi kujiandikisha kabisa aliweza kujiandikisha mpaka Juni 14, siku kumi kabla, akaweka alama kwa Democratic na kupiga kura. Aliyekuwamo kwenye daftari miaka yote ndiye aliyefungiwa nje.

Sheria ya namna hii ilitoka wapi? Turudi nyuma.

Zamani wagombea wa Marekani walipangwa na vigogo wa vyama katika vyumba vyao. New York ilikuwa na Tammany Hall, mtandao wa Wademokrati uliolishika jiji kwa miongo mingi. Mwaka 1903 jimbo la Wisconsin, chini ya gavana Robert La Follette, likapitisha sheria ya kuwapa wananchi wenyewe kazi ya kuteua wagombea kwa kura. Majimbo mengine yakafuata. Lakini swali likazaliwa papo hapo: mwananchi yupi? Kama yeyote anaweza kuingia, si wapinzani watajazana kumchagua mgombea dhaifu ili wamshinde Novemba?

Sisi tunawaita mamluki. Na tusijifanye hatuelewi hofu hiyo. Nani kati yetu hajasikia malalamiko ya kadi za chama kugawiwa usiku wa kuamkia kura za maoni? Au niulize hivi: mwana Simba gani atakubali mashabiki wa Yanga wamchagulie mwenyekiti?

New York ikajibu hofu hiyo kwa kalenda. Anayetaka kupiga kura ya mchujo alitakiwa achague chama kabla ya uchaguzi mkuu wa Novemba ya mwaka uliotangulia. Wapiga kura wapya waliochelewa tarehe ya mwaka 1971, na hivyo kukosa mchujo wa Juni 1972, wakaenda mahakamani. Kesi hiyo, Rosario dhidi ya Rockefeller, ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1973 majaji watano dhidi ya wanne wakasema sheria ni halali. Hoja yao: hakuna aliyenyimwa haki, walikuwa na nafasi ya kujiandikisha na hawakuitumia. Mwaka huohuo mahakama hiyohiyo ilikataa sheria ya Illinois iliyomfungia mtu miezi 23 akitaka kuhama chama. Kwa hiyo miezi 23 ni dhuluma, lakini miezi minane ni utaratibu. Mstari huo uliamuliwa kwa kura moja ya jaji.

Sheria ikalala mpaka 2016. Mwaka huo Bernie Sanders, mzaliwa wa Brooklyn na seneta asiye na chama kutoka Vermont, alishinda Wisconsin Aprili 5 akaingia New York kwa kishindo dhidi ya Hillary Clinton. Vijana wengi waliomshabikia hawakuwa na chama. Siku ya mwisho ya kubadili ilikuwa Oktoba 9, 2015, siku nne kabla ya mdahalo wa kwanza wa Wademokrati. Kura yenyewe ilikuwa Aprili 19. Clinton alishinda kwa asilimia 58 hivi, na pengo hilo ni kubwa kiasi kwamba siwezi kuapa kuwa sheria ndiyo iliyomwangusha Sanders. Ila haikuchagua upande. Hata watoto wa Donald Trump, Ivanka na Eric, walishindwa kumpigia baba yao mchujo wa Republican kwa sababu hiyohiyo ya tarehe!

Kelele zilikuwa nyingi, na mwaka 2019, Cuomo akiwa gavana, jimbo likasogeza tarehe hadi Februari 14. Ilikuwa nafuu, lakini ndiyo iliyomnasa binamu yangu.

Utasema, si asubiri Novemba? Tatizo ni kwamba katika jiji la New York Wademokrati ni wengi mno, na kwa viti vingi mshindi wa mchujo ndiye mshindi. Ni kama yale majimbo yetu ambayo mtu akishinda kura za maoni ndugu zake wanaanza kumwita mheshimiwa. Wasio na chama jijini humo wanazidi milioni moja. Na mchujo huo unaendeshwa kwa fedha za umma, ikiwemo kodi ya binamu yangu. Simba wanapochagua mwenyekiti wao hawanitumii bili.

Mamdani alishinda mchujo, akashinda Novemba, na Januari 1, 2026 akaapishwa. Novemba binamu yangu alipiga kura yake, na majina aliyoyakuta kwenye karatasi wengine walikuwa wameshayachuja.

Mimi sipingi chama kujilinda na mamluki. Ninachokataa ni kipimo chenyewe. Mamluki ni mtu wa siasa, anaijua kalenda kuliko wote, hachelewi tarehe. Anayechelewa ni mtu wa kawaida, anayeanza kufuatilia siku mbio zinapokaza. Sheria iliyotungwa kumzuia mjanja imekuwa ikimkamata mwaminifu kwa zaidi ya miaka hamsini.

Nilimuuliza binamu kama sasa ameshachagua chama. Akanijibu bado anafikiria. Nikamwambia fikiria haraka, kaka, Februari haisubiri mtu.

Wewe je, ungeweka alama au ungeacha wazi?