Uso na Maua katika Picha ya Mafuta

Wakati wa yubile twapenda kuzikumbuka nyuso za waliotutangulia. Misioni ya Bukumbi, katika nchi yetu ya Misungwi, ilianzishwa na Mapadre Weupe mwaka 1883. Tangu hapo wazee wengi wamepita. Na mzee akifa bila sura yake kuchorwa, mjukuu hubaki na jina tu.

Basi na tutazame jinsi watu wa kale walivyofanya. Katika miaka ya 1607 na 1608, Kardinali Federico Borromeo wa Milano alichorewa picha ya Bikira Maria iliyozungukwa na shada la maua. Mikono miwili iliifanya: Jan Brueghel alichora maua, Hendrick van Balen akachora sura. Baadaye Bruda Daniel Seghers, Mjesuiti wa Antwerp, aliyefariki mwaka 1661, alishika kazi iyo hiyo ya mashada, akiwaachia wenzake nafasi ya katikati. Hivyo maua yalikuwa heshima kwa uso, wala hayakushindana nao.

Tena rangi ya mafuta yafaa sana kazi hii. Rangi iliyosagwa huchanganywa na mafuta ya mbegu za kitani, yasiyokauka upesi; hata siku ya pili mchoraji aweza kulainisha kivuli cha shavu. Lakini liko sharti: tabaka za chini ziwe na mafuta machache, za juu yawe mengi zaidi, ili picha isipasuke. Na maua ya nyuma hufifishwa kidogo, kusudi jicho lirudi usoni.

Na kwetu je? Mwaka 1937 Bibi Margaret Trowell alianza kufundisha uchoraji Makerere. Mwanafunzi wake mmoja, Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame mwaka 1923, alisoma zaidi London. Picha yake ya mafuta, ya wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku, iliingia katika makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York mwaka 1960. Yeye hakuazima waridi za Ulaya. Alichora maisha ya kwao.

Waalimu, fundisho ni wazi. Ua la pamba, zao lililochunguzwa miaka mingi pale Ukiriguru, huchanua likiwa jeupe lenye umanjano, na kesho yake hugeuka jekundu. Likichorwa nyuma ya uso wa mzee wa Kisukuma, mjukuu atajua pasipo kuuliza babu yake aliishi kwa kazi gani. Mtafuteni kijana mwenye mkono mwepesi, mpeni mzee kiti, na kazi ianze angali hai.