Kizuiaoksidishaji, si kiondoa sumu

Makala nyingi za afya zikitaja faida za chai husema ina “viondoa sumu”. Jina hilo linauza, lakini linapotosha: kazi ya kuondoa sumu mwilini ni ya ini na figo. Istilahi inayosema kweli ni kizuiaoksidishaji, ingawa ni ndefu. Wanaotaka ufupi husema antioksidanti, nayo haina ubaya.

Mtu wa Tabora uoksidishaji anaujua kwa macho. Menya kiazi kitamu, kikatekate vipande vya kuanikwa viwe michembe, uviache kidogo: vinaanza kugeuka rangi. Kimeng'enya cha kiazi kimekutana na oksijeni ya hewani, kikazibadili polifenoli zilizomo, ambazo ni vizuiaoksidishaji. Jani la chai kiwandani hupitia mkondo huohuo; likisagwa, kijani kinakuwa hudhurungi. Kwa mazoea hatua hiyo huitwa kuchachusha, na hapo pia jina limekosewa, maana hakuna hamira inayofanya kazi. Katekini, yaani polifenoli za jani bichi, huungana kuwa theaflavini na thearubijini, ndizo zinazoipa chai ya rangi wekundu na ukakasi wake. Chai ya kijani hupashwa moto mapema ili kimeng'enya kife, hivyo katekini zake hubaki nyingi zaidi.

Ndani ya mwili, molekuli iliyopungukiwa elektroni humpora jirani yake, naye humpora wa pili, na utando wa seli ukaharibika. Kizuiaoksidishaji hutoa elektroni yake kwa hiari, mnyororo wa uporaji ukakatika. Hayo yanaonekana vizuri maabarani. Kikombe kimoja kuzuia ugonjwa ni habari nyingine.

Tabora hailimi chai. Zamani za misafara ilikuja kutoka pwani na mizigo ya wapagazi. Leo inatoka Mufindi, Njombe, Rungwe na Usambara. Maembe, yaliyosambaa kwa njia hiyohiyo ya Bagamoyo hadi Ujiji, yaliota na kubaki, nayo yana vizuiaoksidishaji vyake: vitamini C na beta-karotini. Viazi lishe vya rangi ya chungwa vina beta-karotini pia, ila jua la kuanikia huipunguza.

Basi tumeze vidonge? Nchini Finland wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000 walifanyiwa utafiti, matokeo yakatolewa mwaka 1994: waliopewa vidonge vya beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi, si pungufu. Katika mkoa unaolima tumbaku kama Tabora, habari hiyo si ya kupuuzwa. Embe lina mengi mengine pamoja na beta-karotini. Kidonge ni kemikali moja, tena kwa kipimo kikubwa.

Polifenoli za chai pia hushikamana na madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga za majani, mwili ukashindwa kuyafyonza vizuri. Mjamzito, na yeyote mwenye upungufu wa damu, asishushie chakula kwa chai. Anywe saa moja kabla ya kula, au saa moja baadaye.