Kura ya Tanga: kutoka karatasi ya kura tatu hadi alama za vidole

Mpiga kura wa Tanga aliyeingia kituoni Septemba 1958 hakuruhusiwa kumchagua mtu mmoja akaenda zake. Sheria ilimtaka achague watatu: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Akiweka alama kwa Mwafrika peke yake, kura yake imeharibika. Watu waliiita kura tatu, na Jimbo la Tanga lilikuwa miongoni mwa majimbo matano yaliyotangulia kuipiga. Mengine yalingoja hadi Februari 1959.

Naanzia mbali hivyo kwa sababu siku hizi usalama wa kura ukitajwa, mawazo yetu hukimbilia mashine, nywila na wadukuzi. Kura ya kwanza ya Tanganyika haikuhitaji mdukuzi. Sheria yenyewe ilitosha kuipindisha, tena mchana kweupe. Aliyeruhusiwa kujiandikisha alikuwa mwenye umri wa miaka 21 au zaidi, na juu ya hapo awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000, au elimu ya darasa la nane, au wadhifa uliotajwa na sheria. Tanga ya wakati huo ilikuwa ikila kwa mkonge. Mkata mkonge wa Muheza au Korogwe, aliyelipwa baada ya kujaza kipande chake cha siku 30, asingezifikia shilingi 3,000 hata kama angekesha shambani. Utajiri wa jimbo ulipita mikononi mwake, lakini kalamu ya kupigia kura hakuishika.

Chama cha TANU kiligawanyika juu ya uchaguzi huu. Kuususia uchaguzi kulikuwa na mantiki yake, kwani kushiriki kulimaanisha kukubali ubaguzi ulioandikwa kisheria. Mwanahistoria Mohamed Said ameeleza kwamba kabla ya mkutano wa Tabora wa Januari 1958, Mwalimu Nyerere alikutana na viongozi wa chama hapa Tanga, akiwamo Sheikh Abdallah Rashid Sembe, kutafuta njia ya kuwashawishi wanachama wakubali kura tatu. Tabora ikakubali, na uamuzi ule ukaja kuitwa Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakuridhika; alijitoa akaunda chama chake cha Congress. Wagombea walioungwa mkono na TANU walishinda, na kura tatu haikudumu. Mimi nawaona wazee wale wa Tanga kuwa walielewa jambo ambalo wengi tunalisahau: utaratibu mbovu unaweza kushindwa kutoka ndani, ikiwa watu wanaujua kifungu kwa kifungu.

Miaka ya chama kimoja naipita upesi. Mwaka 1965 wagombea wawili wa TANU katika jimbo walipewa alama za jembe na nyumba, ili asiyejua kusoma naye achague. Kwa rais palikuwa na jina moja tu, na mpiga kura aliulizwa ndiyo au hapana. Sheria ya Uchaguzi Na. 1 ya 1985 ilitungwa katika mazingira hayo, kisha baada ya 1992 ikawekewa viraka ili ibebe vyama vingi. Oktoba 1995 ilielemewa. Dar es Salaam vifaa vilichelewa kufika vituoni, uchaguzi wa jiji zima ukafutwa na kurudiwa Novemba 19.

Baada ya hapo ndipo teknolojia ilipoanza kuingia, na iliingilia mlangoni, kwenye uandikishaji. Daftari la Kudumu la Wapiga Kura lilianza kuandaliwa mwaka 2004 na kutumika mara ya kwanza Desemba 2005. Kabla yake watu waliandikishwa upya kila uchaguzi. Mwaka 2015 zikaja mashine za alama za vidole zilizozoeleka kwa jina la BVR. Zilianza kazi Februari mkoani Njombe, zikasuasua kiasi kwamba kura ya maoni ya Katiba Inayopendekezwa, iliyopangwa Aprili 30, iliahirishwa, na hadi leo haijapigwa. Hata hivyo mwisho wa zoezi daftari lilikuwa na watu zaidi ya milioni 23. Februari 2025 mashine hizo zilirudi Tanga na Pwani kuboresha daftari, safari hii mtu akiweza hata kuanza kuboresha taarifa zake mtandaoni.

Hayo ni maendeleo, nami sitaki kuyabeza. Kidole kinamzuia mtu kujiandikisha mara mbili. Lakini BVR kazi yake inaishia kwenye daftari. Tanzania haijawahi kupiga kura ya kitaifa kwa mashine. Unaingia kwenye kituturi na karatasi, unaitumbukiza katika sanduku lililofungwa kwa lakiri, unachovya kidole kwenye wino. Jioni kura zinahesabiwa pale pale mbele ya mawakala. Matokeo yanajazwa kwenye fomu: 21A ya rais, 21B ya mbunge, 21C ya diwani. Wakala anapewa nakala, nyingine inabandikwa kituoni. Kuanzia hapo tarakimu zinaanza safari ya kwenda kujumlishwa, na safari hiyo ndiyo inayonikosesha usingizi.

Watu wa Tanga wanajua jinsi hesabu ndogo inavyoweza kuleta mtafaruku mkubwa. Mwaka 2015 CUF ilichukua ubunge wa Tanga Mjini na kupata madiwani wengi kuliko CCM. Halafu ukaja uchaguzi wa meya, wenye wapiga kura wanaoenea katika ukumbi mmoja, na aliyetangazwa ni mgombea wa CCM. Madiwani wa CUF wakayakataa matokeo na vikao vikasusiwa kwa muda mrefu. Hapakuwa na seva wala programu. Palikuwa na karatasi chache na kutoaminiana, na jiji likalipa gharama yake.

Mwaka huo huo sheria ya kompyuta iligusa uchaguzi kwa namna nyingine. Bunge lilikuwa limepitisha Sheria ya Makosa ya Mtandao, na siku chache baada ya kura polisi waliingia Dar es Salaam katika kituo cha waangalizi wa asasi za kiraia waliokuwa wakikusanya taarifa kutoka vituoni. Watu zaidi ya 30 walikamatwa na kompyuta zikachukuliwa. Sheria iliyotungwa kuwalinda watu dhidi ya wahalifu wa mtandaoni ikawaangukia waliokuwa wakijumlisha.

Sasa vuka Horohoro. Ng'ambo ya mpaka ni Lungalunga na Vanga, ambako Wadigo na Wasegeju wana ndugu zao wa damu wanaopiga kura Kenya. Kenya ilichagua njia ya vifaa vya kielektroniki, ikaiandika kwenye sheria mwaka 2016, na ikaumia nayo. Chris Msando, meneja wa teknolojia wa tume yao, aliuawa siku chache kabla ya kura ya Agosti 2017. Septemba 1 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais, na moja ya mambo yaliyoikera ni tume kutofungua seva zake kama ilivyoamriwa. Mwaka 2022 tume iliweka mtandaoni picha za Fomu 34A, yaani za matokeo ya rais, kutoka vituo zaidi ya 46,000. Mvuvi wa Vanga aliweza kuifungua fomu ya kituo chake kwa simu akailinganisha na ile iliyobandikwa ukutani. Kilichoilinda kura hapo ni karatasi iliyosainiwa na mawakala. Mtandao uliiweka mbele ya macho ya wote.

Kwetu umuhimu wa fomu ya kituo ni mkubwa zaidi, maana Ibara ya 41(7) ya Katiba inazuia mahakama yoyote kuchunguza matokeo ya rais yakishatangazwa. Mahakama ya Afrika, iliyoko Arusha, ilisema Julai 2020 katika shauri la Jebra Kambole kwamba kizuizi hicho kinavunja haki. Mwaka 2024 tulipata sheria mpya, Na. 1 ya uchaguzi wa rais, wabunge na madiwani, na Na. 2 ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Ibara ya 41(7) ikabaki. Kisha Oktoba 29, 2025, siku ya kupiga kura, intaneti ikazimwa nchini. Asiyeweza kwenda mahakamani wala kuuliza mtandaoni anabaki na ile fomu ya ukutani peke yake.

Nawaomba wabunge wa Mkoa wa Tanga, kuanzia Mkinga hadi Pangani na Handeni, wapeleke bungeni marekebisho ya Sheria Na. 1 ya 2024 yatakayoilazimu Tume kuweka hadharani picha ya fomu ya matokeo ya kila kituo kabla mshindi hajatangazwa, na kupiga marufuku kuzima mawasiliano siku ya kura. Nawe msomaji, uchaguzi ujao ukifika, rudi kituoni kwako jioni, uisome fomu iliyobandikwa na uziandike tarakimu zake.