Amplifaya Ina Sauti, Haina Uchawi

Mwaka 1985 jarida la Stereophile la Marekani lilimpa mhandisi Bob Carver mtihani mgumu: aifanye amplifaya yake ya transista, ya bei ya kawaida, isikike sawasawa na amplifaya ghali ya valvu. Carver alilinganisha umeme unaotoka katika mashine hizo kwa njia inayofanya vinavyofanana vifutane, kisha akarekebisha sakiti yake hadi mabaki yakakaribia kwisha. Wahariri waliposikiliza, wakashindwa kuzitofautisha. Tukio hilo linathibitisha mambo mawili kwa pamoja: amplifaya huweza kuwa na sauti yake, na sauti hiyo hutokana na tabia za umeme zinazopimika.

Usafi wa sauti wenyewe ulitafutwa mapema. Mwaka 1927 Harold Black wa Bell Labs alibuni njia ya kurudisha mwanzoni sehemu ya mawimbi yanayotoka, yakiwa yamegeuzwa, ili amplifaya ijisahihishe. Miaka 20 baadaye D.T.N. Williamson wa Uingereza akaitumia katika amplifaya ya valvu ya wati 15 ambayo kasoro zake hazikufika hata asilimia moja. Mara nyingi kinachobaki kuzitofautisha mashine ni jinsi zinavyoiendesha spika. Spika iliyoandikwa omu 8 haibaki na ukinzani huo. Hupanda na kushuka kufuatana na noti inayopigwa. Amplifaya nyingi za valvu zina ukinzani wa ndani usio mdogo, hivyo spika hupata volti zaidi pale ukinzani wake unapopanda, mara nyingi kwenye besi. Hiyo ni sehemu ya utamu ambao wengi husifia. Amplifaya ya transista, ambayo kwa kawaida ina ukinzani mdogo mno wa ndani, huishikilia volti ileile popote.

Wapo watakaouliza: mbona amplifaya za transista za miaka ya 1960 zilikwaruza masikio ilhali vipimo vilizisifu? Masikio hayakukosea. Vipimo vilichukuliwa zaidi kwenye nguvu kamili, kumbe kasoro ilijitokeza sauti ikiwa ndogo, pale transista moja inapoipokeza nyingine wimbi. Wahandisi walipopima mahali panapostahili, waliiona na kuirekebisha. Wengine hutegemea wati, lakini kuziongeza maradufu huleta desibeli 3 tu. Kwa hiyo mnunuzi aanze na spika, ndipo atafute amplifaya inayoweza kuiendesha bila kuzidiwa. Bei peke yake haimwambii lolote kuhusu ndoa hiyo.