Tabaga Ukutani, Ukwaju Mezani: Idd ya Kibra Ilikotoka



Hebu tuanze na hesabu ndogo. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa miladi kwa siku 11 hivi, ndiyo maana Ramadhani huzunguka misimu yote na kurudi ilipoanzia baada ya miaka kama 33. Mwaka 2005 tulifunga Oktoba, na Idd ikatukuta mwanzo wa Novemba, mvua za vuli zikinyesha. Ilikuwa hivyo 1972, na in shaa Allah itakuwa hivyo tena 2037. Idd ya vuli mtu wa Olympic, Makina au Kawangware anaijua. Ukipiga deki asubuhi, mgeni wa kwanza akiingia tu, matope yameingia naye. Lakini nyumba inapambwa, udi unafukizwa, na vinywaji vinapangwa kwenye sinia. Je, umewahi kujiuliza mapambo haya yametoka wapi?

Wengi wakisikia mapambo ya nyumba ya Kiislamu hukimbilia Lamu. Na kweli Lamu wana haki ya kujisifu. Nyumba zao za mawe za karne ya 18 zina zidaka, vile vijishubaka vilivyochongwa kwenye chokaa safu juu ya safu, mahali pa kuweka sahani za Kichina na vyombo vya thamani. Tukirudi nyuma zaidi, mwaka 1331 Ibn Battuta alifika Mogadishu, na ameeleza alivyopokewa. Kwanza aliletewa tambuu na popoo, akamwagiwa marashi ya waridi kutoka Damascus, ndipo chakula kikaja: wali wa samli, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, maziwa mgando, ndimu za achari, tangawizi mbichi na maembe. Ukiona mrashi na chetezo kwenye Idd leo, jua ni adabu ya miaka mia saba, si fasheni ya jana.

Ila sisi hatukai Lamu. Sisi tuko Nairobi, na Nairobi ina historia yake ambayo vijana wengi wanapita juu yake kila siku wakienda steji.

Kibera ni Kibra, neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Wanubi wenyewe wametokana na askari wa Kisudani wa makabila mbalimbali. Mwaka 1891 Kapteni Lugard aliwachukua waliokuwa jeshi la Emin Pasha karibu na Ziwa Albert, na baadaye wengi wakaingia King's African Rifles, iliyoundwa 1902. Kuanzia 1904 askari na familia zao walianza kukaa msituni hapa, na mwaka 1918 ekari 4,197 zikatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya kijeshi. Wazee wanasema ardhi ile ilikuwa badala ya pensheni. Serikali ya kikoloni haikusema hivyo. Tume ya Ardhi ya Carter, iliyotoa ripoti yake 1934, iliwahesabu kama wapangaji tu, watu wa kuondolewa serikali ikitaka. Na mpangaji wa namna hiyo haruhusiwi kujenga nyumba ya kudumu. Udongo na mabati, basi.

Hapa ndipo mapambo yanapoingia, na haya ni maoni yangu, ukiona nimekosea niambie. Mtu wa Lamu alikuwa na hakika na ukuta wake, akauchonga. Mama wa Kinubi alikuwa na ukuta wa udongo ambao kesho ungeweza kubomolewa, akapamba kile kinachobebeka. Ndiyo tabaga. Neno lenyewe ni la Kiarabu, tabaq, yaani sahani au sinia. Husukwa kwa kuzungusha, duara juu ya duara, kwa nyuzi za rangi kali: nyekundu, kijani, manjano, zambarau. Mchana hufunika chakula, siku ya sherehe huwa sinia, na kazi ikiisha inaning'inizwa ukutani, chumba kizima kinang'aa. Ukifukuzwa, unaitungua unaenda nayo. Ukitaka kuona vyumba vya zamani vilivyokuwa, na kina mama wamevaa gurbaba zao, mtafute mwenye kitabu cha mpiga picha Mmarekani Greg Constantine cha 2011 kuhusu Wanubi wa Kenya, kilichokusanya picha za zamani za familia zenyewe.

Majirani waliokuja baadaye kutoka magharibi na kati walileta vitambaa vya kushona kwa sindano, vile vyeupe vinavyovalishwa makochi mpaka redio. Leo ukiingia nyumba ya Muislamu Kibra siku ya Idd utakuta vyote viwili pamoja, kitambaa kwenye kochi na tabaga juu ya meza, na maua ya plastiki ya Toi Market katikati. Maua hayo sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kwamba yanang'oa nafasi ya tabaga, na kusuka tabaga kunachukua siku nyingi ambazo binti wa leo hana.

Tuje kwenye vinywaji. Wakati wa kufuturu mambo ni mepesi, tende na maji, Sunna. Baada ya hapo kila jamii ina lake. Pwani ni kahawa chungu yenye tangawizi, kwa halwa. Kahawa hiyo nayo ina kisa: masufi wa Yemen katika karne ya 15 ndio walioinywa ili wakae macho kwa dhikri za usiku, na mwaka 1511 gavana wa Makka, Khair Beg, akaipiga marufuku. Marufuku haikudumu. Sudan walikotoka wazee wa Kibra wana karkade, ile nyekundu ya maua makavu, na hulu-mur, jina lenye maana ya tamu-chungu. Mtama huoteshwa, husagwa, huchanganywa na viungo, hupikwa kama karatasi nyembamba za rangi ya kahawia na kukaushwa, kisha huloweka maji na sukari Ramadhani ikifika. Kwenye Ghuba ndugu zetu wanakunywa Vimto, iliyobuniwa Manchester mwaka 1908 na John Noel Nichols. Ndio, kinywaji cha Waingereza! Wakati sisi tuna mti wa ukwaju, ambao asili yake ni Afrika hii hii, ila Waarabu wakauita tamr hindi, tende ya Kihindi.

Kuna kinywaji kimoja ambacho wazee hawapendi kitajwe, lakini ukiandika historia ya Kibra bila hicho umedanganya. Zama za ukoloni pombe ya Kibra ilijulikana Nairobi nzima, Waingereza wakaiita Nubian gin. Ilikuwa haramu kwa dini na haramu kwa sheria. Ilipikwa kwa sababu jamii haikuwa na hati wala pensheni, na pesa ya karo na chakula ilibidi itoke mahali. Serikali nayo ikaitumia kama hoja ya kutaka kuwahamisha. Nasema hivi si kuipamba, msomaji, ila ukimsikia mtu anawacheka Wanubi kwa jambo hili, muulize nani aliwanyima shamba.

Uhuru ulipokuja 1963, hati haikuja nao. Ekari zilizidi kupungua, mitaa ikajengwa, Olympic ikiwa mmojawapo. Sensa ya 2009 ndiyo ya kwanza kuwapa Wanubi nafasi yao kwenye orodha ya jamii za Kenya. Na Juni 2017, tukiwa ndani ya Ramadhani, Rais Uhuru Kenyatta akawakabidhi hati ya ardhi ya pamoja, ekari 288. Ile ya 1918 ilikuwa 4,197, fanya hesabu mwenyewe.

Basi mwaka huu kabla hujaenda kununua mapambo, pitia kwa nyanya yako au jirani yule mzee wa Makina, muulize kama bado ana tabaga, na nani alimfundisha kusuka. Mpelekee na jagi la ukwaju. Loweka ukwaju nusu kilo kwa maji ya moto tangu Adhuhuri, usugue kwa mkono mpaka ubaki ukamba na mbegu, chuja kwa kitambaa safi, tia sukari na tangawizi kidogo iliyopondwa, halafu uweke mahali pa baridi. Ukiwa mzito sana ongeza maji. Inzi wa Kibra hawafungi, kwa hiyo funika.

Idd Mubarak.